Shajara ya mradi: redio ya CB kwenye pikipiki

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Pikipiki ni Suzuki V-Strom 650, mji ni Columbus, Ohio. Ninachotaka ni redio ya CB inayosikika na kusikia vizuri nikiwa barabarani kwa mwendo wa maili 65 kwa saa. Ya kupendeza ikiwa gereji tu siihitaji.

Kwa ambaye hajakutana nayo, CB ni redio ya upepo ya raia wa kawaida hapa Marekani. Ina chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. Nguvu ya kurusha kwa AM haizidi wati 4, na huombwi leseni. Chaneli ya 9 ni ya dharura, ya 19 ni ya malori. Ilianza kwenye masafa haya mwaka 1958 ikiwa na chaneli 23, ikaja kushika moto baada ya shida ya mafuta ya 1973. Madereva wakawa wanapashana ni kituo gani bado kina dizeli, na baada ya mwendo kushushwa hadi maili 55 nchi nzima mwaka 1974, wakawa wanapashana pia trafiki kajificha wapi. Chaneli zikaongezwa hadi 40 Januari 1977.

Kazi yangu ni lori, kwa hiyo chaneli ya 19 naisikia wiki nzima. Watu husema CB imekufa. Imepungua, hilo silipingi, vijana wengi wanategemea simu. Lakini barabara ikifungwa ghafla utashangaa redio ngapi zinaamka. Juzi kwenye I-70 jamaa aliyetangulia alitangaza kwamba kuna mamba njia ya kushoto. Mamba ndiyo magamba ya tairi la trela yaliyobanduka, mazito, yana nyaya za chuma ndani. Kwa lori ni hasara ya bampa au bomba la hewa. Kwa mtu wa pikipiki ni hospitali, tena akiwa na bahati. Nikasogea kulia, nikaliona likipita pembeni yangu limejikunja lote, nikawaza kwamba siku za mapumziko, nikiwa kwenye magurudumu mawili, habari kama hiyo hainifikii kabisa.

Tuko watatu tunaoendesha pamoja: mimi, shemeji yangu wa Mombasa, na mzee jirani, Mmarekani mstaafu. Mimi na shemeji tuna intakomu za Bluetooth kwenye helmeti. Ni nzuri, sauti safi, muziki juu. Ila intakomu inakuunganisha na wale tu uliokwisha kuoanisha nao. Dereva wa lori aliye maili mbili mbele hayumo. Na kusini huku, kwenye vilima vya barabara ya 555 kati ya Zanesville na Little Hocking, kuna mabonde ambayo simu inabaki kuwa saa ya mfukoni.

Jumapili, 6 Aprili

Leo ni kuchagua redio. Mzee jirani hakuwa na shida hii. Yeye ana Gold Wing GL1500, silinda sita, na CB yake ni ya Honda yenyewe, imekaa ndani ya pikipiki pamoja na antena yake. Pikipiki hiyo iliundwa Marysville, kama kilomita 50 kutoka hapa, zama ambazo Gold Wing zilikuwa zinatengenezwa Ohio kabla kazi hiyo haijarudishwa Japani. Mzee hachoki kulisema hilo.

Sisi wengine tuna njia tatu. Ya kwanza ni redio ya kawaida ya gari, boksi la chuma lenye vitufe mbele. Ni rahisi na ina nguvu, lakini haijatengenezwa kunyeshewa, na kwenye V-Strom hakuna pa kuiweka ukaiona. Ya pili ni zile ambazo vitufe vyote na kioo vimo ndani ya kishikio cha mkononi, kama Cobra 75, halafu boksi lenyewe unalificha chini ya siti. Wanaopenda jangwa na magari ya matope wanazipenda sana hizo. Kwenye pikipiki tatizo ni kwamba maikrofoni imo humo humo kwenye kishikio, na mimi nataka kuongea mikono ikiwa kwenye usukani.

Ya tatu ni redio ya mkononi. Nimeangukia hapo: Midland 75-822. Sababu ni kile kipande chake cha garini. Unachomoa sehemu ya betri, unachomeka kipande chenye waya wa volti 12 na tundu la antena ya nje, na redio ndogo inageuka kuwa ya chombo. Tundu la spika na maikrofoni ya nje lipo. Chaneli za hali ya hewa za NOAA, idara ya serikali ya Marekani, zipo pia, na kwa Ohio mwezi wa Aprili na Mei hilo si pambo. Kimbunga kikitangazwa wewe uko wazi juu ya siti, taarifa ya dakika chache kabla ni mali.

Lakini ile antena fupi ya mpira inayokuja nayo, usijidanganye. Ukiwa umesimama uwanjani utaongea na mtu wa mtaa wa pili. Barabarani haitoshi.

Jumamosi, 12 Aprili

Antena ndiyo mradi wenyewe. Redio ni kununua tu, wati 4 ni wati 4 kwa kila mtu. Tofauti ya anayesikika na asiyesikika iko kwenye antena na kwenye utulivu wa injini, na leo nimetumia siku nzima kwenye la kwanza.

Urefu wa wimbi la CB ni kama mita 11. Antena rahisi iliyonyooka ni robo ya hapo, karibu mita 2.7. Ndiyo ile fimbo ndefu ya chuma unayoiona kwenye malori ya zamani ikichapa madaraja. Kwenye pikipiki haiwezekani, kwa hiyo unachukua fupi ambayo waya wake umezungushwa kwenye fimbo ya fibaglasi ili kuidanganya redio iamini ni ndefu. Kadiri unavyofupisha ndivyo unavyopoteza, na ndivyo eneo la chaneli inazozifanyia kazi vizuri linavyokuwa jembamba. Nimeagiza ya futi 4, yaani mita 1.2. Kuna za futi 2 zinazopendeza zaidi kwa macho, sizitaki.

Hilo ni nusu ya shughuli. Nusu nyingine ni kitu ambacho wengi hawakioni kwa sababu kwenye gari kinakuja bure, nacho ni bati. Paa la gari ndilo upande wa pili wa antena. Umeme unaokimbia juu ya fimbo unahitaji mahali pa kuegemea chini, na bati pana la paa na bodi ndiyo egemeo hilo. Pikipiki haina bati. Yangu ina fremu ya alumini katikati, tangi la mafuta, na nyuma yote ni plastiki. Kuifunga antena ya gari pale nyuma ni sawa na mtu kusukuma ukuta akiwa amesimama kwenye utelezi: nguvu anayo, pa kukanyagia hana.

Kuna wanaotengeneza egemeo kwa mkono, wanatandaza bati jembamba au waya za robo wimbi chini ya siti na kwenye keria. Nimesoma habari zao, nimewaheshimu, nimechukua njia ya uvivu: antena ya mfumo usiohitaji bati. Hizo zinakuja na waya wake maalum, na huo waya ni sehemu ya antena. Kiwandani umekatwa kwa urefu wake, wangu ni kama mita 5, na pikipiki nzima haina hata mita 2.5. Kishawishi cha kuukata ni kikubwa. Usiukate. Ziada unaikunja kama namba 8, vitanzi virefu, unaifunga katikati na kuilaza chini ya siti. Ukiizungusha duara dogo lililokazwa unatengeneza koili ambayo hukuiomba.

Mahali pa kufunga: kona ya nyuma kushoto ya keria, nje ya boksi la mizigo. Nilitaka kushoto, nikakumbuka kwamba mke wangu hupandia kushoto, nikafikiria tena, nikabaki na kushoto lakini nikaisogeza nyuma kabisa. Fimbo inayoyumba karibu na uso wa abiria si jambo la mzaha, na ukiwa unarusha, kuigusa antena kunaunguza ngozi. Wati 4 zinatosha kukuachia alama ndogo nyeupe kidoleni.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika nikiwa kwenye maegesho ya malori Indiana. Antena imefika nyumbani, shemeji kaipokea na tayari kaitumia kumtishia paka.

Usiku wa leo kwenye 19 walikuwepo Wasomali wawili wanaongea lugha yao, halafu mmoja wa Kimarekani akawaomba wahamie chaneli nyingine, kwa adabu kabisa, nao wakahama. Ndiyo desturi: ya 19 ni ya habari za barabara, maongezi marefu unahamishia kwingine. Mimi na shemeji tukiwa hewani kwa Kiswahili tumekubaliana tutahamia 14.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka, kwa hiyo nimeamka mapema nimalize kabla nyumba haijajaa wageni.

Umeme. Waya wa chanya unatoka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ya ampea 3 ikiwa karibu na betri. Ukiiweka mwisho karibu na redio, waya wote wa katikati hauna ulinzi. Hasi nayo inarudi betrini, si kwenye bolti yoyote ya fremu iliyo jirani. Katikati nimeweka rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayowashwa na waya wa taa ya nyuma, ili nikizima ufunguo redio ife yenyewe. Inaporusha, redio ndogo kama hii haifiki ampea 2, kwa hiyo oltaneta ya V-Strom haina hata habari.

Mbinu moja ya mafundi umeme wa magari wa Dar: kila kiungo kikipitishwa ndani ya ganda la mpira unaosinyaa kwa joto, kisha kikafungwa kwenye waya mwingine ili kisining'inie chenyewe, hakikatiki. Kinachokata nyaya kwenye pikipiki ni mtikisiko. Waya uliolehemiwa ukaachwa unacheza hukatika pale pale risasi inapoishia. Kwa hiyo viungo vyangu vingi ni vya kubana kwa koleo, na vile vya kulehemu nimevilaza juu ya sponji.

Nati za keria zote ni za nailoni ndani. Konekta ya antena nimeizungushia mkanda wa mpira unaojigandisha wenyewe. Maji yakiingia kwenye waya wa antena yanatambaa ndani ya ule wavu wa shaba taratibu, na ukija kugundua, waya umekuwa kijani.

Jumapili, 27 Aprili

Kupima SWR. Hiki ni kipimo kinachokuambia kiasi gani cha nguvu kinatoka na kiasi gani kinagonga antena kikarudi. 1 kwa 1, yaani hakuna kinachorudi, ni ndoto ya kwenye karatasi. Chini ya 1.5 unafurahi. Kwenye 2 karibu asilimia 11 inarudi, bado unaenda. Kwenye 3 inarudi robo nzima, na hapo acha kubonyeza kabla hujaunguza transista za mwisho za redio.

Nimeisukuma pikipiki hadi katikati ya maegesho ya kanisa baada ya ibada, mbali na mlango wa chuma wa gereji, mbali na magari. Boksi la nyuma likiwa mahali pake, mimi nikiwa nimekaa juu ya siti, maana mwili wa mtu ni mfuko wa maji ya chumvi na antena inauona. Kupima pikipiki tupu halafu ukaiendesha na mtu juu yake ni kupima chombo kingine.

Utaratibu: mita inakaa kati ya redio na waya wa antena. Nenda chaneli ya 20. Swichi upande wa kusonga mbele, bonyeza kitufe cha kusemea bila kuongea, zungusha kirungu mpaka mshale ukae sawa kwenye alama ya mwisho. Ukiwa bado umebonyeza, peleka swichi upande wa kurudi, soma. Achia. Rudia kwa ya 1 na ya 40, na kila chaneli uanze upya kuusawazisha mshale.

Masomo ya kwanza: chaneli ya 1 ilisoma 2.6, ya 20 ilisoma 2.1, ya 40 ilisoma 1.8. Hapo mita inaongea waziwazi. Ikiwa chaneli za chini ndizo mbaya, antena ni fupi mno. Ikiwa za juu ndizo mbaya, ni ndefu mno. Juu ya fimbo yangu kuna skrubu chini ya kofia ndogo ya mpira. Niliifungua mizunguko miwili, kofia ikarudi, nikapima. Halafu mzunguko mmoja. Halafu nusu. Kofia lazima irudi kila mara, kwa sababu nayo inabadilisha usomaji kidogo. Shemeji alikuwa kasimama pembeni mkono juu ya usukani, nikamwambia, "Shemeji, sogea, wewe ni bati." Akasogea, mshale ukahama. Alidhani namtania mpaka alipouona mwenyewe, akarudi, akasogea tena, akawa anachezea mita yangu kwa mwili wake.

Tumeishia 1.7, 1.4 na 1.6. Kwa pikipiki ya plastiki nimeridhika, skrubu nimeifunga na sitaigusa tena.

Jumamosi, 3 Mei

Kelele.

Injini ikiwa imezimwa redio inasikia vizuri mno. Mzee jirani akiwa kwake aliwasha Gold Wing yake tukaongea kama tuko meza moja. Kisha nikawasha V-Strom na mzee akapotea ndani ya mkwaruzo. Ukiongeza moto, mkwaruzo unapanda. Ukipunguza, unashuka.

AM ina udhaifu wake wa asili, nao ni kwamba cheche yoyote ya umeme inasikika. Kila plagi inaporuka ni kituo kidogo cha redio. Na kwenye pikipiki plagi iko chini ya magoti yako, na antena iko mita moja nyuma. Kwenye gari kuna bati la boneti katikati.

Kabla ya kununua dawa ni kutafuta ugonjwa, na kelele zina sauti tofauti. Tatata inayofuata mzunguko wa injini ni cheche za plagi. Mluzi unaopanda na kushuka ni chaji. Mvumo usiobadilika hata injini ikiongezwa moto ni vifaa vya kisasa: taa za LED, chaja za simu, chochote chenye sakiti ndogo inayokata umeme mara maelfu kwa sekunde.

Kwa hiyo nimefanya kuzima kimoja kimoja. Injini imezimwa, ufunguo umewashwa: mvumo upo tayari. Nikachomoa chaja ya USB niliyoifunga kwenye usukani mwaka jana, ile ya bei rahisi isiyo na jina. Mvumo ukashuka kwa kiasi ambacho shemeji alisema "ahaa" bila kuulizwa. Hata bila simu kuchomekwa, chaja ilikuwa inapiga kelele. Imekwenda kwenye pipa. Taa za LED za pembeni nazo zilikuwa na mchango wao, ila hizo nazihitaji, kwa hiyo waya wake nimeuzungusha mara nne ndani ya pete ya feraiti, kitu cha sumaku kinachozuia kelele za umeme kwenye waya, aina ya 31 inayofaa masafa haya. Idadi ya mizunguko ndiyo muhimu. Mzunguko mmoja ni pambo. Ukizungusha mara nne, kizuizi hakiongezeki mara nne, kinaongezeka karibu mara kumi na sita. Wengi wanabana feraiti moja juu ya waya ulionyooka kisha wanalalamika kwamba haifanyi kazi.

Ikabaki tatata. Plagi nilizitoa kukagua kama zina herufi R katika namba yake, maana hiyo ndiyo alama ya plagi yenye kizuizi ndani kinachopunguza ukali wa cheche kwenye redio. Zipo. Nikaunganisha fremu ya nyuma na injini na hasi ya betri kwa ukanda mpana wa shaba uliosukwa. Ukanda ni bora kuliko waya wa duara, kwa sababu umeme wa masafa haya hukimbia juu juu ya chuma, na ukanda una uso mwingi. Tatata imepungua sana, haijaisha. Nikiwa nimesimama injini ikinguruma polepole bado naisikia chini ya sauti ya mtu. Mzee alisema ya kwake ya GL1500 ni hivyo hivyo miaka yote, na kwamba barabarani upepo utaimeza.

Jumapili, 4 Mei

Nimeulizwa na shemeji kwa nini nisinunue redio ya FM, maana FM haijali cheche. Ni kweli, na tangu FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iruhusu FM kwenye CB mwaka 2021, redio mpya nyingi zina aina zote mbili. Kwa pikipiki zinazosafiri pamoja ningemshauri mtu aanze na hiyo. Lakini malori bado yako kwenye AM, na mimi nimeanza mradi huu kwa ajili ya malori.

Jumamosi, 10 Mei

Helmeti. Spika mbili bapa za milimita 40 ndani ya vishimo vya masikio, maikrofoni kwenye kidevu ikiwa imevalishwa sponji. Spika lazima ilingane na tundu la sikio barabara. Ikipotoka sentimita moja, kwa mwendo wa maili 60 hakuna unachosikia. Nilivaa helmeti, nikaweka rangi ya mdomo ya mke wangu kidogo pembeni ya sikio, nikaona doa limekaa wapi kwenye sponji. Mke wangu ana maoni yake kuhusu mbinu hii.

Kuna redio zinazojiwasha zenyewe ukiongea. Kwa pikipiki hapana. Upepo nao unaongea, na utakuwa umeziba chaneli nzima ya 19 kwa mngurumo wako bila kujua, na madereva watakutukania wazazi. Kitufe cha kusemea nimekifunga kwenye usukani wa kushoto, chini ya swichi ya indiketa, dole gumba linafika bila kuachia klachi. Nimekaa juu ya siti gereji nikiwa nimefumba macho, nikawa nabonyeza: indiketa, honi, redio, indiketa. Vidole vikishajua, kichwa kinabaki barabarani.

Waya wa helmeti una kiungo kinachoachia chenyewe ukivutwa. Mtu akianguka, au akisahau akashuka tu, kinachomoka bila kumvuta shingo. Na kwa wanaovuka majimbo: sheria za kuvaa spika masikioni hazifanani. California, kwa mfano, haikubali masikio yote mawili yazibwe. Spika zangu ziko ndani ya helmeti, haziko ndani ya sikio, lakini angalia sheria ya unakokwenda kabla trafiki hajakufundisha.

Jumamosi, 17 Mei

Safari ya majaribio. Barabara ya 33 kutoka Columbus kupitia Lancaster hadi Logan, kisha ndani ya vilima vya Hocking. Mzee mbele, mimi katikati, shemeji nyuma na intakomu yake, anacheka.

Kwenye tambarare kabla ya Lancaster tulimwacha mzee atangulie kwa makusudi. Nilimsikia vizuri hadi kama maili 4, kisha akaanza kuzama kwenye mvumo. Kwa wati 4 na antena ya futi 4 hiyo ni haki. Baada ya Logan barabara inaanza kujikunja kati ya miamba na misitu, na umbali ukaanguka hadi chini ya maili moja, wakati mwingine kona mbili tu. Masafa haya hayapendi kilima, na hakuna antena itakayobadilisha hilo.

Maikrofoni ndiyo iliyonipa kazi. Kwa maili 45 mzee ananielewa kila neno. Kwa 65 alisema naongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Nikasogeza maikrofoni hadi ikagusa mdomo, nikapandisha kioo cha mbele cha pikipiki hatua moja, nikaanza kuongea kwa sauti ya kawaida badala ya kupayuka, na hapo akasema sasa sawa. Kupayuka kunajaza redio na kuvuruga maneno. Midomo kwenye sponji, sauti ya mezani, basi.

Shemeji akataka naye ajaribu. Tukasimama kituo cha mafuta Logan, akavaa helmeti yangu, akapanda pikipiki yangu, mimi nikabaki na redio ya mzee. Tukahamia 14.

"Shemeji, wanipata?"

"Nakupata. Upepo umepungua?"

"Sina habari ya upepo, nimesimama. Lakini kuna mtu mwingine humu ndani, anaongea Kihispania."

Alikuwepo kweli, tutafika huko.

Wakati wa kurudi, nikiwa kwenye 19, nikauliza kama kuna habari za upande wa kaskazini. Dereva wa lori akajibu kwamba karibu na Carroll njia ya kulia imefungwa, watu wa barabara wanaziba mashimo, foleni ni fupi. Akaniuliza nina lori gani. Nikamwambia sina lori leo, niko kwenye pikipiki. Kimya kidogo, halafu akasema niwe mwangalifu, kuna kokoto zimemwagika pale wanapochimba. Tulipofika, kokoto zilikuwepo, zimetawanyika mpaka katikati ya njia, ndogo ndogo na za duara. Tulizipita kwa gia ya pili, na shemeji kwenye intakomu yake alipewa habari na mimi kabla hajaziona.

Jumapili, 25 Mei

Yule wa Kihispania. Siku ile chaneli kadhaa zilikuwa zimejaa sauti za mbali, zikija na kuondoka kama mtu anafungua na kufunga mlango. Jua liko karibu na kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, na likiwa hivyo tabaka la juu la anga hurudisha mawimbi ya megahezi 27 ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Mtu wa Florida au visiwa vya Karibi anakuingilia kwa nguvu kuliko mzee aliye mbele yako kona mbili. Zamani FCC ilikataza kwenye CB kuongea na mtu aliye zaidi ya kilomita 250, sheria iliyofutwa 2017. Kwa pikipiki hali hii ni usumbufu tu. Dawa yake ni kukaza skwelchi, kile kirungu kinachonyamazisha sauti dhaifu, na kuvumilia hadi jioni, na mchana kama huo intakomu inafanya kazi nzuri kuliko CB.

Yaliyobaki kwenye orodha yangu: kifuniko cha mpira cha kile kitufe kimeanza kuchanika kwa jua, natafuta cha silikoni. Ukanda wa shaba wa fremu nitaupaka grisi kabla haujaanza kuota kutu ya kijani. Na shemeji kaagiza redio yake, ya FM na AM, antena ile ile ya futi 4. Pikipiki yake ni ya chuma zaidi kuliko yangu, kwa hiyo kabla hatujafungua boksi la mfumo usiohitaji bati nataka tuijaribu kwanza na antena ya kawaida, tuone mita itasema nini.